Hans Meyer na Safari Zake Tatu za Kibo

Sisi wa Majengo twauona Kibo kila asubuhi mawingu yakituruhusu, na watoto wetu shuleni hukariri kwamba Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889. Hukariri jina na mwaka, basi. Ni nadra kuambiwa kwamba bwana huyo alishindwa mara mbili kabla ya kufaulu, wala kwamba jambo kubwa alilolibadili katika safari ya tatu lilikuwa mpango wa chakula na wa watu.

Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji wa Hildburghausen, Ujerumani. Babu yake alianzisha kampuni ya kuchapa vitabu, ile iliyotoa kamusi kubwa ya elimu inayoitwa kwa jina la ukoo wao, na kijana Hans akaingia katika kazi hiyo huko Leipzig. Hivyo fedha hazikumpungukia. Alipenda jiografia kuliko biashara, na mlima wetu ulikuwa ukizungumzwa sana na wataalamu wa Ulaya tangu Johannes Rebmann, mmisionari wa CMS, alipouona ukiwa na theluji tarehe 11 Mei 1848. Wapo mabwana wakubwa wa London waliomcheka Rebmann, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Wachagga walikuwa wakiitazama baridi ile tangu mababu zao, ila hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1887 Meyer alipanda kwa mara ya kwanza. Mwenzake Mjerumani alichoka njiani, naye akaendelea peke yake mpaka alipokutana na ukuta wa barafu, karibu mita 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hakuwa na vyombo vya kukata barafu, wala mtu wa kumshikia kamba. Akarudi.

Mwaka uliofuata alikuja na msafara mkubwa mno, pamoja na mpelelezi Oscar Baumann. Nadhani kosa lilikuwa katika ukubwa huo. Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuinuka dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na mwenye kupita na mizigo mingi wakati wa vita hupita akijitangaza. Wapagazi walitoroka, mali ikapotea, na Meyer na Baumann wakakamatwa na watu wa Abushiri bin Salim, wakafungwa minyororo. Waliachiliwa kwa fidia ya rupia 10,000. Hata mguu wa mlima hawakuufikia.

Mtu mwingine angebaki Leipzig na vitabu vyake. Meyer alikaa akapanga upya, na hapa wenye kupenda kazi iliyopangwa vizuri na watazame. Kwanza, njia. Pangani ilikuwa katika vita, basi mwaka 1889 akapitia Mombasa na Taveta, akiwa na msafara mdogo zaidi. Pili, mwenzake. Alimchukua Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, mzoefu wa milima ya Alps. (Nafurahi kuona kwamba palipohitajika mtu wa kazi, aliitwa mwalimu.) Tatu, na hili ndilo kubwa, kambi.

Hapo awali wapandaji walikuwa wakipanda na chakula cha siku chache. Kikiisha, hushuka, hata kama hali ya hewa inaanza kuwa nzuri. Meyer aliweka kambi kubwa Marangu, kwa Mangi Marealle, penye chakula cha kununua. Kambi ya pili aliiweka mwisho wa msitu, na ya tatu katika uwanda mkavu kati ya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,300 juu. Kila siku chache wapagazi walitoka Marangu na vyakula mpaka kambi ya kati, na wa kambi ya kati wakavipeleka juu. Hivyo wapandaji hao wawili waliweza kukaa kule juu zaidi ya wiki mbili, wakijaribu, wakirudi, wakijaribu tena. Wageni wanaopita njia ya Marangu leo hulala Mandara, Horombo na Kibo kwa hesabu iyo hiyo.

Tarehe 3 Oktoba walitoka usiku wa manane. Purtscheller alitangulia akichonga vidato katika barafu kwa shoka, kidato baada ya kidato, wakiwa wamefungana kwa kamba. Walifika ukingo wa shimo la mlima alasiri, wakaona kilele chenyewe kiko mbali kidogo upande wa kusini. Jua halikutosha. Wakashuka. Walilala tena mahali pa karibu zaidi, na tarehe 6 walivikuta vidato vyao vingali vizima, wakapanda kwa wepesi mpaka mita 5,895. Siku hiyo Purtscheller alitimiza miaka 40.

Na kambini alikuwa nani? Alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Wengine walirudishwa chini kwa sababu ya baridi; yeye, mzaliwa wa joto la pwani, ndiye aliyebaki kulinda hema na moto mahali pasipo miti. Nimesomesha jiografia miaka mingi bila kuliona jina lake katika kitabu cha shule hata kimoja. Afadhali Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyefariki mwaka 1996, yeye alipewa heshima mbele ya watu mwaka 1989, ilipotimia miaka 100, kama mmoja wa walioongoza njia.

Meyer alikiita kilele kwa jina la Kaisari wake. Jina hilo lilidumu mpaka tulipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge huko mwezi Desemba 1961.

Alirudi mlimani mwaka 1898, akaona barafu imekwisha kujivuta nyuma tangu alipoiacha miaka tisa kabla, akaandika hivyo. Baadaye alipanda milima ya Ekuado, akapita Rwanda na Burundi, akafundisha Leipzig, akafa huko mwezi Julai 1929. Tangu vipimo vya mwaka 1912 mpaka sasa, zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imekwisha.