Audrey Hepburn: Nyota Aliyeijua Njaa

Ipo aina ya sinema ambayo sisi watu wa makamo tumezoea kuibeza. Msichana anafunga safari hadi Italia kujifunza mapishi. Anamwagia mchuzi wa nyanya kijana asiyemjua, wanagombana, wanapatana, na kabla ya saa mbili kutimia wanalishana tambi roshanini huku jua likitua. Jumamosi iliyopita mjukuu wangu aliniketisha mbele ya sinema ya namna hiyo hapa nyumbani Kiembeni. Nami, kama ilivyo ada yangu, nilinung'unika toka mwanzo hadi mwisho. Nilimwambia kwamba huo ni upuuzi wa watu walioshiba, na kwamba mwenye kuijua njaa hawezi kupoteza wakati wake kwa michezo ya mapenzi na masufuria.

Mtoto alinitazama tu, asinijibu. Lakini usiku ule usingizi uliniruka, kwa sababu nilikumbuka kuwa nimesema uongo. Sinema hizi zina mama yao, na mwanamke aliyeng'ara katika sinema hiyo mama aliijua njaa kuliko mimi na wewe, msomaji. Tena maisha yake yalipokaribia kikomo, njaa hiyohiyo ilimleta hadi jirani na mlango wangu. Ndiyo sababu leo naomba ruhusa ya kuusimulia wasifu wake, na aibu yangu mwenyewe ndani yake.

Audrey Hepburn alizaliwa tarehe 4 Mei 1929 katika mtaa wa Ixelles, mjini Brussels, Ubelgiji. Mama yake, Ella van Heemstra, alikuwa Mholanzi wa ukoo wa mabaroni. Baba yake alikuwa raia wa Uingereza. Wazazi hao, ni vyema tuseme kweli, waliwahi kuvutiwa na siasa za kifashisti katika miaka ya 1930. Baba aliihama nyumba mwaka 1935, binti akiwa na umri wa miaka sita, na jeraha hilo Audrey aliishi nalo maisha yake yote. Vita vilipozuka mwaka 1939, mama alimtoa katika shule aliyokuwa akisoma Uingereza akampeleka Arnhem, Uholanzi, akidhani nchi hiyo isiyoegemea upande wowote ingesalimika. Penye miti hapakuwa na wajenzi: mwezi Mei 1940 majeshi ya Hitler yaliivamia Uholanzi, na mtoto aliyekimbizwa kutoka kwenye hatari akajikuta katikati yake.

Mwaka 1942 Wajerumani walimpiga risasi mume wa dada ya mama yake, pamoja na mateka wengine wanne, kulipiza kisasi kitendo ambacho wao hawakukifanya. Jina la Audrey lilisikika la Kiingereza mno, basi akaitwa Edda. Alicheza dansi katika nyumba zilizofungwa mapazia ili fedha zikusanywe kuwasaidia waliopinga utawala wa Wajerumani. Kisha yakaja majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, ambayo Waholanzi huyaita majira ya njaa. Watu wapatao 20,000 walikufa. Chakula na kuni vilikwisha, watu wakasaga vitunguu vya maua ya tulipu wapate unga. Binti huyo wa miaka kumi na mitano alipungukiwa damu, miguu ikamvimba, na siku nyingine hakuinuka kitandani ili asimalize nguvu kidogo alizobakiwa nazo.

Ukombozi ulipofika, misaada ya Umoja wa Mataifa iliwasili na maziwa, unga na sukari. Inasimuliwa kwamba alijaza sukari nyingi mno kwenye uji wake, akala, akaugua, kwa kuwa tumbo lilikuwa limesahau kazi yake. Shirika lililoleta vyakula hivyo ndilo lililotangulia UNICEF, Mfuko wa Watoto ulioundwa mwezi Desemba 1946. Neno hilo tuliweke akiba, tutalirudia.

Ndoto yake ilikuwa kucheza balei. Alikwenda London mwaka 1948 kujifunza, lakini mwalimu wake Marie Rambert alimweleza bila kuficha kwamba urefu wake, pamoja na mwili uliodhoofishwa na vita, havingemfikisha kwenye kilele cha fani hiyo. Njaa basi ilimfungia mlango mmoja. Akaingia kwa mlango wa nyuma: akacheza katika makundi ya dansi majukwaani, akapewa sehemu ndogondogo katika sinema. Mwaka 1951, mwandishi Colette wa Ufaransa alimwona Monte Carlo akaamua papo hapo kwamba yeye ndiye atakayeigiza Gigi jukwaani New York.

Kiangazi cha mwaka 1952 alikuwa Roma. Mwelekezi William Wyler alipiga picha ya Roman Holiday, yaani Likizo ya Roma, katika barabara zenyewe za mji huo, naye Gregory Peck akawa mwenziwe. Hadithi ni nyepesi kama kishada. Binti mfalme amechoshwa na hotuba na mapokezi, anatoroka usiku, na usiku huohuo anaokotwa na mwandishi wa gazeti. Ananyolewa nywele, anapanda pikipiki bila kujua kuiendesha, na anakula aiskrimu ameketi kwenye ngazi mashuhuri za Roma, mbele ya watu, pasi na mtumishi wala kijiko cha fedha. Jioni wanapendana. Kisha anarejea kwenye wajibu wake, na kila mmoja anakwenda zake.

Sinema ilipotoka mwaka 1953 dunia nzima ilimpenda binti huyo, na mwaka uliofuata akatunukiwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Watazamaji waliusifu wembamba wake, wasijue historia iliyokuwa nyuma yake. Nami sasa nikimwona katika mawazo yangu akiila ile aiskrimu, sioni tena mzaha. Namwona mtu ambaye miaka saba tu kabla ya hapo alikuwa amelala kitandani akihesabu pumzi, leo ameketi juani na kitu kitamu mkononi. Furaha ile hakuwa na haja ya kuigiza.

Mwaka 1954 alitokea katika Sabrina, kisa cha binti wa dereva anayepelekwa Paris kujifunza upishi na kushindwa hata kuvunja yai kwa mkono mmoja. Hapo ndipo nasema mama wa sinema hizi alipopatikana: safari, jiko na mapenzi, vyote katika chungu kimoja. Hakubaki katika wepesi peke yake, hata hivyo. Mwaka 1958 alifika Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani, kupigwa picha akiigiza mtawa muuguzi katika The Nun's Story. Basi Afrika yetu aliiona mapema, akiwa bado msichana.

Maishani mwake mwenyewe hadithi za mapenzi hazikumalizika kama za sinema. Ndoa yake na mwigizaji Mel Ferrer, iliyofungwa mwaka 1954, ilivunjika mwaka 1968. Mwaka huohuo, katika safari ya meli kwenye Bahari ya Kati, alikutana na tabibu wa maradhi ya akili wa Roma aitwaye Andrea Dotti. Msomaji atasema hayo ndiyo yaleyale ya sinema, na kwa kweli yalifanana. Walioana Januari 1969, akahamia Roma, akapata mtoto wa pili wa kiume, na kwa miaka kadhaa aliipa kamera kisogo. Nyota aliyekuwa akilipwa mamilioni alichagua kwenda sokoni, kulea na kupika. Chakula alichokipenda kuliko vyote kilikuwa tambi kwa mchuzi wa nyanya na majani ya mrehani, chakula cha kila maskini wa Italia. Mwanawe Luca aliandika kitabu kizima kuhusu jiko la mama yake mwaka 2015. Ndoa hiyo nayo haikudumu. Talaka ilitoka mwaka 1982. Lakini aliyewahi kusaga maua apate unga hakuacha kuiona sahani ya tambi kuwa ni neema.

Sasa tulirudie lile neno la akiba. Mwaka 1988 UNICEF ilimfanya balozi wake. Angeweza kuridhika na kupigwa picha katika karamu, lakini safari yake ya kwanza ilikuwa Ethiopia iliyokumbwa na njaa. Baadaye alikwenda Sudan, Bangladesh, Vietnam na kwingineko. Alikuwa akilipa deni la ule uji wa mwaka 1945.

Safari iliyomvunja moyo ilikuwa ya Septemba 1992, alipokuja Kenya na Somalia. Serikali ya Siad Barre ilikuwa imeanguka Januari 1991, vita vya koo vikaungana na ukame, na watu wasiopungua 200,000 wakaangamia. Alifika Kismayu, akafika Baidoa, akaziona maiti za watoto zikipakiwa kwenye lori. Aliporudi aliuzungukia ulimwengu wa magazeti na televisheni akisema aliyoyaona, ilhali tumbo lake mwenyewe lilikwisha kuanza kumuuma. Mwezi Novemba alipasuliwa huko Los Angeles, ikaonekana ni saratani. Alifariki nyumbani kwake Tolochenaz, Uswisi, tarehe 20 Januari 1993, akiwa na umri wa miaka 63.

Hapa ndipo wasifu wake unapogusana na wangu. Wakati ule ndugu za watu aliowaendea Somalia walikuwa wamekwisha kufika kwetu. Walikuja kwa majahazi na meli zilizojaa kupita kiasi, na maelfu yao wakawekwa katika kambi ya Utange, jirani kabisa na Kiembeni. Wengi walitoka Barawa na pwani ya Banadiri. Watu wa Barawa walizungumza Chimwiini, lahaja inayozaliwa tumbo moja na Kiswahili chetu, hata mtu akitega sikio vizuri aweza kuifuata. Sisi hatukutega masikio. Barazani tulilalamika kwamba maji yamepungua kwa sababu yao, kwamba bei zimepanda kwa sababu yao, na kwamba vijana wetu watakosa kazi kwa sababu yao. Nilikuwa miongoni mwa wasemaji wakuu.

Ramadhani moja ya miaka hiyo, bibi mmoja wa Barawa aliyekuwa amepata chumba karibu na nyumba yetu alituletea futari. Alikuwa amefunika sahani kwa kitambaa kisafi. Nilipofunua niliona tambi kwa mchuzi wa nyama na nyanya, na ndizi mbivu kando. Kwetu tambi ni za sukari, nazi na iliki. Niliona ni kioja. Sikujua kuwa Italia iliitawala Somalia ya kusini hadi mwaka 1941, kisha ikaisimamia tena toka 1950 hadi 1960, na kwamba vizazi vya watu wa huko wamekuzwa kwa chakula kile. Wakati ule, mimi nilijua mapishi ya Kitaliano kuwa ni mambo ya mahoteli ya watalii kule Malindi. Sikutambua kwamba yalikuwa yamenijia mlangoni bure, mikononi mwa mkimbizi aliyejinyima ili anifuturishe.

Nilitema maneno ya kejeli, chakula nikawatupia kuku. Kisha nikafanya jambo ambalo mtu yeyote wa pwani hii atalielewa uzito wake: niliirudisha sahani ya jirani ikiwa tupu. Bibi yule aliipokea, akashukuru, akaingia ndani. Kambi ya Utange ilifungwa kati ya miaka ya 1990, naye akaondoka na wenzake.

Nimekuja kutambua kwamba mtu aliyeshiba ndiye anayeweza kuidharau furaha ya chakula. Audrey Hepburn hakuidharau, katika aiskrimu ya Roma wala katika uji wa Baidoa, kwa maana kwake vyote viwili vilikuwa kitu kimoja: mtu kupata kula na kutabasamu. Sinema nyepesi si dhambi. Dhambi ni moyo mwepesi, unaocheka ukiwaona watu wakilishana kwenye kioo, kisha ukakunja uso anapobisha hodi jirani mwenye sahani.

Nimemwomba radhi mjukuu wangu. Jumamosi hii tutaitazama Roman Holiday pamoja, nami nimejitolea kupika. Zitakuwa tambi kwa mchuzi wa nyama na nyanya, na ndizi mbivu kando. Sahani moja nitaifunika kwa kitambaa kisafi niipeleke kwa jirani. Yule niliyepaswa kumpelekea sijui aliko.