Gil Hodges, mchezaji aliyeombewa kanisani

Dominika moja ya mwaka 1953, joto likiwa kali, Padre Herbert Redmond wa kanisa la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, Brooklyn, jijini New York, aliona homilia ingewachosha waamini wake bure. Akawaambia warudi nyumbani, wazishike amri za Mungu, na wamwombee Gil Hodges. Hodges hakuwa mgonjwa wala mfungwa. Alikuwa mchezaji wa besiboli, na alikuwa ameshindwa kupiga mpira.

Mchezo huu kwetu hauchezwi sana, hivyo nieleze kidogo. Mrushaji anautupa mpira kwa kasi kubwa, na mpigaji mwenye gongo anajaribu kuupiga ili apate nafasi ya kukimbia. Katika soka, mshambuliaji asiyefunga anaweza kujificha katikati ya wenzake kumi. Mpigaji hana pa kujificha. Anasimama peke yake, uwanja mzima ukimtazama, na kila anapokosa panaandikwa. Mwezi Oktoba 1952, katika fainali za ubingwa wa Marekani dhidi ya Yankees, Hodges alihesabiwa majaribio 21 bila kupata hata pigo moja la maana. Timu yake, Dodgers, ikafungwa michezo 4 kwa 3. Msimu uliofuata ukaanza, na gongo lake likawa bado zito.

Mashabiki wa Brooklyn hawakuwa watu wa kunyamaza. Walijua kuzomea. Lakini Hodges hawakumzomea. Walimshangilia, wakamwandikia barua, wakamtumia rozari na medali za watakatifu. Nimejiuliza kwa nini, na nadhani jibu liko katika maisha aliyoishi kabla ya hapo.

Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1924 huko Princeton, jimbo la Indiana, akakulia Petersburg, nchi ya migodi ya makaa ya mawe. Baba yake, Charles, alikuwa mchimbaji, na hakutaka wanawe wamfuate chini ya ardhi. Gil akaenda Chuo cha Mtakatifu Yosefu, Rensselaer, kilichoanzishwa na Wamisionari wa Damu Azizi, shirika lilelile lenye hospitali ya Mtakatifu Gaspar kule Itigi, Singida. Mwaka 1943, akiwa na miaka 19, alisajiliwa na Dodgers. Alicheza mchezo mmoja tu msimu ule, kisha akaingia jeshini, katika kikosi cha Marines.

Alipelekwa Bahari ya Pasifiki na kikosi cha kutungua ndege, kwanza Tinian, halafu Okinawa mwaka 1945, wakati marubani wa Kijapani walipokuwa wakijirusha na ndege zao juu ya meli za Wamarekani. Alirudi na nishani ya Nyota ya Shaba kwa ushujaa wake. Habari za vita ile hakupenda kuzisimulia, hata kwa watu wa nyumbani mwake.

Mwaka 1947 akarejea Dodgers. Ndio mwaka ambao Jackie Robinson, kijana mweusi, aliingia timu hiyo na kuvunja ubaguzi uliowafungia watu weusi nje ya ligi kuu kwa miongo mingi. Hodges alicheza naye bega kwa bega hadi Robinson alipostaafu. Desemba 1948 alimwoa Joan Lombardi, binti wa Brooklyn, wakajaliwa watoto wanne. Waliishi mtaani humo humo na mashabiki, wakasali Misa ya Dominika pamoja nao. Kwa hiyo mwaka 1953 watu walimwombea jirani yao, mtu waliyemwona foleni ya komunyo.

Wapo watakaosema Mungu hana kazi ya kumsaidia mtu apige mpira. Nakubali kwa sehemu. Ila Padre Redmond aliomba sala kwa ajili ya mtu aliyekuwa akishindwa mbele ya macho ya wote, na kwa mtu wa namna hiyo sala haijawahi kuwa ndogo mno. Wakati huohuo kocha wake, Charlie Dressen, aliagiza Hodges apigwe filamu, akamwonyesha jinsi mguu wake ulivyokuwa ukiukimbia mpira. Hodges akaurekebisha. Alimaliza msimu huo akiwa ameuvusha mpira nje ya uzio mara 31. Sala au filamu? Mtakatifu Tomaso wa Akwino asingeona haja ya kuchagua. Miaka miwili baadaye, mwaka 1955, Brooklyn ilipata ubingwa wake wa kwanza na wa pekee kwa kuwashinda Yankees 2 kwa 0 katika mchezo wa mwisho, na pointi zote mbili zilitokana na mapigo ya Hodges.

Ukocha alianzia Washington mwaka 1963. Mwaka 1968 alikabidhiwa Mets ya New York, timu iliyokuwa kichekesho, iliyopoteza michezo 120 katika msimu wake wa kwanza. Septemba ya mwaka huohuo alipata shambulio la moyo, akapona, akarudi kazini.

Julai 30, 1969, Mets wakiwa wanachapwa, Hodges alimwona nyota wake, Cleon Jones, akiufuata mpira kwa uvivu. Alitoka kwenye benchi, akampita mrushaji, akaendelea taratibu hadi mwisho wa uwanja, akazungumza na Jones kwa sauti ya chini, kisha wakarudi wote wawili, Jones nyuma yake. Hakumfokea. Alipoulizwa na mkewe, alisema alishafika mbali alipotambua anachofanya, na kugeuka haikuwezekana tena. Nampenda zaidi kwa jibu hilo. Oktoba mwaka huo Mets walikuwa mabingwa.

Tarehe 2 Aprili 1972, Dominika ya Pasaka, akitoka kucheza gofu na makocha wenzake huko Florida, moyo ulisimama. Alibakiza siku mbili atimize miaka 48. Misa ya mazishi iliadhimishwa Brooklyn, katika kanisa la Mama Yetu Msaada wa Wakristo. Robinson alikuwepo, mwenyewe akiwa mgonjwa. Naye alifariki Oktoba mwaka huohuo.

Kwa miaka mingi wapiga kura walimnyima Hodges nafasi katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli. Joan aliendelea kusubiri. Jina la mumewe liliingizwa Julai 24, 2022, na binti yao Irene akazungumza kwa niaba ya familia, kwa kuwa mama, mwenye miaka 95, hakuweza tena kusafiri. Joan alifariki Septemba mwaka huo.