Lord Kelvin na Kalamu Isiyogusa Karatasi

Jina la Kelvin sote tunalijua tangu fizikia ya sekondari, kile kipimo cha joto. Wengi wetu hatukuambiwa kwamba mzee huyu alikuwa pia fundi wa simu, tena fundi kweli kweli.

Alizaliwa Belfast, Ireland, mwaka 1824 akiitwa William Thomson. Alipokuwa na miaka 6 mama yake akafariki. Baba, mwalimu wa hesabu, akahamia Glasgow na watoto, na William akaingia chuo kikuu cha huko akiwa na miaka 10 (si kosa la chapa). Akapitia Cambridge, na mwaka 1846, akiwa na miaka 22, akarudi Glasgow kama profesa. Alifundisha hapo miaka 53.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1858, waya wa kwanza wa telegrafu ulipovuka Atlantiki kutoka Ireland hadi Newfoundland. Umeme uliofika upande wa pili ulikuwa dhaifu mno. Hapo mabwana wawili wakagongana. Mkuu wa umeme wa kampuni, Wildman Whitehouse, ambaye kwa kusomea alikuwa daktari, aliamini dawa ni nguvu tu: umeme ukiwa mdogo, ongeza. Thomson akasema hapana, tengeneza chombo cha kupokelea kilicho chepesi zaidi. Alikuwa na galvanometa yenye kioo kidogo sana kilichobandikwa sumaku na kuning'inizwa kwa uzi wa hariri. Umeme kidogo ukipita, kioo kinageuka na doa la mwanga linasogea. Mwanga hauna uzito, basi haukuulemea waya.

Whitehouse hakusikia. Akasukuma volti zipatazo 2,000, na waya ambao tayari ulikuwa na kasoro ukazidi kuharibika. Wiki chache tu ukanyamaza kabisa. Pesa za watu zikazama baharini, na daktari akafukuzwa kazi.

Waya uliodumu ulitandikwa mwaka 1866, na Thomson akapewa cheo cha Sir. Lakini palibaki shida moja, na kwangu mimi ndiyo tamu kuliko zote: galvanometa ya kioo haikuacha kumbukumbu. Karani mmoja anakodolea doa macho, mwenzake anaandika. Wakikosea, ushahidi hakuna. Ukifunga kalamu ya kawaida, msuguano wake kwenye karatasi unashinda ule umeme mdogo. Mwaka 1867 akasajili hataza ya mrija wa kioo mwembamba sana, unaovutwa na koili nyepesi iliyoning'inia kwenye sumaku kali. Wino ulitiwa chaji ya umeme, ukaruka wenyewe hadi kwenye karatasi bila ncha kugusa. Ujumbe ukajichora, waya usijue kama unarekodiwa.

Wenzetu wa uhandisi mtalitambua wazo hili. Leo kati ya mtambo wa udhibiti na kinasa data tunaweka optokapla, taarifa ivuke kwa mwanga, ili kinasa kikiungua kisiuangushe mtambo.

Mwaka 1879 waya wa baharini kutoka Aden ukafika Zanzibar, ukaendelea kusini hadi Durban.

Mzee naye alikosea, tena pakubwa: alishikilia kwamba dunia ina miaka milioni 20 hadi 40, kumbe ni bilioni 4.5. Mwaka 1892 akawa Lord Kelvin, jina la mto ulio jirani na chuo chake. Alifariki tarehe 17 Desemba 1907, akazikwa Westminster Abbey karibu na Newton. Walioko London wanaweza kwenda kuliona kaburi, ingawa kiingilio chake si cha mfuko wa mwanafunzi.