Werner Heisenberg na hitilafu inayojificha ikichunguzwa

Wasikilizaji wetu wa Mbamba Bay na Liuli wanajua usipa wanavyovuliwa usiku: mvuvi huwasha taa, samaki wakaifuata. Lakini anayetaka kujua usipa walikuwa wapi kabla ya taa hatasaidiwa na taa hiyo, maana imeshawahamisha. Leo tunasimulia maisha ya mwanasayansi ambaye jina lake limepewa tatizo la namna hiyo ndani ya kompyuta na simu.

Werner Heisenberg alizaliwa tarehe 5 Desemba 1901 mjini Würzburg, Ujerumani. Wakati huo ufuko wetu ulitawaliwa na Wajerumani, na Liuli waliiita Sphinxhafen. Alisoma fizikia mjini Munich. Mwaka 1923, katika mtihani wa udaktari, alishindwa kueleza uwezo wa hadubini kutofautisha vitu vidogo. Alifaulu kwa shida.

Mwaka 1925 alikwenda kisiwa cha Helgoland kukimbia chavua iliyomletea mafua makali, na huko akapata njia mpya ya hesabu za atomi. Mwaka 1927, akiwa Copenhagen, alirudi kwenye hadubini. Alionyesha kwamba huwezi kujua kwa usahihi kamili, kwa wakati mmoja, mahali ilipo chembe ndogo na mwendo wake. Alitoa mfano wa hadubini: mwanga wa kuionea chembe huisukuma. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 1932.

Katika Vita Kuu ya Pili alibaki Ujerumani, akashiriki utafiti wa nyuklia chini ya utawala wa Hitler, jambo linalojadiliwa hadi leo. Mwaka 1945 Waingereza walimzuia pamoja na wenzake 9 katika nyumba iliyofichwa vinasa sauti. Walizungumza kwa uhuru kwa sababu hawakujua wanasikilizwa. Alifariki Munich tarehe 1 Februari 1976.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa programu walianza kutumia jina la heisenbug, kwa utani, kwa hitilafu inayotoweka ikichunguzwa. Tuseme salio lako ni shilingi 20,000. Kazi moja inaongeza 5,000 na nyingine inatoa 8,000, kwa wakati mmoja. Zote zimesoma 20,000. Ya kwanza inaandika 25,000. Ya pili inafuta na kuandika 12,000. Ilipaswa kuwa 17,000. Shilingi 5,000 zimepotea.

Fundi anaiagiza programu iandike kila hatua. Kuandika kunachukua muda kidogo, kazi zile hazigongani tena, na hesabu inatoka sawa. Akiondoa maandishi, hitilafu inarudi. Dawa yake ni kufunga salio ili kazi moja imalize kabla nyingine haijaanza, na kuchunguza kwa njia nyepesi isiyobadilisha mwendo wa programu, kama vinasa sauti vile.

Kwa hiyo mkulima wa kahawa wa Mbinga akiambiwa kwamba kila kitu kilipojaribiwa kilikuwa sawa, hilo si ushahidi kwamba hakuna kilichoharibika. Tunashauri atunze ujumbe wa muamala, kiasi, tarehe na saa. Kumbukumbu hizo humwonyesha fundi pa kuanzia.