Adolf Martens: Mhandisi aliyechungulia ndani ya chuma

Adolf Martens alizaliwa Machi 6, 1850, huko Mecklenburg, Ujerumani. Baada ya kusomea uhandisi mjini Berlin aliajiriwa na shirika la reli la Prussia, akishughulikia madaraja ya chuma. Katika kazi hiyo chuma kikivunjika, watu hufa.

Martens akaanza kung'arisha vipande vya chuma, kuvipaka tindikali na kuvitazama kwa hadubini. Mwaka 1878 alianza kuchapisha aliyoyaona, na mwaka 1884 akawa mkuu wa taasisi ya serikali ya kupima vifaa, Berlin.

Wahunzi walijua tangu kale kuwa chuma cha pua chekundu kwa moto kikitumbukizwa majini huwa kigumu. Sababu ni kwamba kikipoa polepole, kaboni hupata muda wa kujitenga. Kikipoa ghafla, hunaswa ndani. Hapo chuma huwa kigumu mno lakini huvunjika upesi, ndiyo maana mhunzi hukipasha tena moto kidogo.

Katika miaka ya 1890 Mfaransa Floris Osmond aliuita muundo huo martensiti, kwa heshima yake. Martens alifariki Julai 24, 1914.