MacPherson, mutu mwenye jina lake liko chini ya motokari zetu

Jina hili mumelisikia mara mingi bila kujua kama ni la mutu. Motokari inagonga mbele, unaipeleka garaji, fundi anaingia chini, anatoka na mikono ya mafuta na kusema makiferisoni imekufa. Tunalipa, tunalalamika, tunarudi nyumbani. Lakini makiferisoni si chuma tu. Alikuwa mutu, alitumika kwa mushahara wa kompani za wengine kama sisi, akafa. Tunaeleza maisha yake leo juu ya vijana wetu ambao wameanza kukata resori ili motokari ikae chini, nao hawajui wanakata nini.

Earle MacPherson alizaliwa mwaka 1891 huko Highland Park, muji mudogo karibu na Chicago, Marekani. Alisoma uenjenieri katika univasite ya Illinois, akamaliza 1915, kisha akaenda Detroit, muji wa viwanda vya motokari, akaanza kazi kwa Chalmers. Wakati ule motokari ilikaa juu ya resori za mabati yaliyopangwa moja juu ya ingine, kama zile ambazo bado ziko chini ya kamiyo zetu za kubeba mawe. Magurudumu mawili ya mbele yalishikana na chuma kimoja. Gurudumu la kushoto likianguka mu shimo, la kuume nalo linatingishika, na volani inakupiga mikononi. Watu walizoea, wakafikiri motokari njo inapashwa kuwa hivyo.

Baadaye alipita kwa Hupmobile. Kisha ikafika shida kubwa ya dunia nzima, ile ya miaka ya 1930, ambayo hata huku Katanga wazee walituelezea: Union Minière ilirudisha wafanyakazi kwao kwa maelfu, sababu shaba haikupata munuzi. Hupmobile nayo ilidhoofika. Mwaka 1934 MacPherson akaingia General Motors, na humo akapanda mpaka kuwa mukubwa wa wanaochora motokari za Chevrolet. Tuseme wazi, sisi watu wa sendika: huyu hakuwa mubeba sururu. Alikuwa kadri. Lakini kadri naye ana patro juu yake, na hapo njo hadisi yake inatuhusu.

Vita ilipokwisha, 1945, General Motors waliogopa kwamba watu hawatakuwa na pesa ya kununua motokari kubwa. Wakamupa MacPherson kazi ya kutengeneza ndogo, iuzwe chini ya dola 1000, uzito wake karibu kilo 1000. Waliiita Cadet. Mutu mwingine angechukua motokari kubwa na kupunguza hapa na pale, akaleta kitu cha aibu kwa masikini. MacPherson alikataa. Alitaka kila gurudumu lijitegemee, yote mane, kitu ambacho hata motokari nyingi za matajiri hazikuwa nacho.

Namna gani ufanye hivyo kwa bei ndogo? Jibu lake ni rahisi mpaka unajiuliza juu ya nini watu wengi walipita pembeni. Alichukua amortiseri, lile bomba lenye mafuta ndani, akalifanya kuwa muguu wa motokari. Chini, bomba linafungwa kwa buloni penye gurudumu. Juu, fimbo yake inaingia mu shasi, na inaweza kuzunguka wakati unageuza volani. Resori imevalishwa kuzunguka bomba, imekaa mu sahani yake. Chini kunabaki mukono mumoja tu wa kushika gurudumu lisikimbie pembeni. Vyuma kidogo, bei kidogo, na nafasi kubwa ya motere katikati.

Mu muguu ule amortiseri ina kazi mbili. Inatuliza resori isirukeruke, na tena inashika gurudumu lisimame wima. Kila shimo, kila kona, fimbo inasukumwa kwa ubavu. Resori na amortiseri zilihesabiwa pamoja: urefu wa moja unajua urefu wa ingine. Mushike neno hili, tutalirudilia.

Mwaka 1947 wakubwa wa General Motors walikaa na hesabu zao, wakaona bei ya dola 1000 haitoshi kuwaletea faida, na watu walikuwa bado wananunua motokari kubwa. Wakaua Cadet. Hakuna hata moja iliyouzwa. MacPherson, mutu wa miaka 56, alichukua koti lake akaenda kwa Ford.

Lakini alichovumbua hakikutoka naye. Hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi ule iliombwa 1947 kwa jina lake kama muvumbuzi, lakini mali ilikuwa ya General Motors, na ilitolewa 1953, wakati yeye yuko Ford zaidi ya miaka mitano tayari. Wengi wetu tunajua jambo hili. Mufanyakazi anagundua namna nzuri ya kufunga mashini isisimame, mukubwa anamupongeza, na ile namna inakuwa ya kompani. MacPherson alifanya nini? Alikaa tena, akachora upya. Kwa Ford alitumia kile chuma kirefu kinachozuia motokari isilale mu kona, akakifanya kishike pia gurudumu lisiende mbele wala nyuma. Chuma kimoja, kazi mbili, kama vile alivyofanya kwa amortiseri. Mwaka 1950 Ford ya Uingereza ilionyesha Consul na Zephyr huko London, zikiwa na miguu ile mbele. Mwaka 1954 Simca Vedette ya Ufaransa nayo ikaipokea. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuwekwa mukubwa wa maenjenieri wote wa Ford mwaka 1952. Alipumuzika 1958, na akafa 1960, mwaka ule ule Kongo ilipata uhuru.

Hakuona mavuno. Wakati viwanda vilianza kutengeneza kwa wingi motokari ndogo zenye motere iliyolala kwa upana na kuvuta magurudumu ya mbele, muguu wake ulionekana kama ulitengenezwa juu yao. Wajapani waliuchukua. Leo inama chini ya Corolla au Vitz yoyote inayopita Lubumbashi ao Kolwezi: ni yeye.

Sasa, vijana. Hatusemi kushusha motokari ni uchawi. Mu goudron nzuri, resori fupi na ngumu kidogo zinafanya motokari isilale sana mu kona. Lakini resori hizo zinauzwa na amortiseri zake, zenye mwendo mufupi na nguvu zaidi ya kuzuia resori isirudi kwa haraka. Unaweka mbili kwa pamoja, kushoto na kuume, unashusha santimetre mbili ao tatu, kisha unafanya paralelisimu. Yule anayekata duara moja la resori kwa mashini na kuacha amortiseri ya zamani, anafanya nini? Fimbo sasa inaishi karibu na mwisho wake. Kila shimo inagonga chini, mupira wa kuzuia unapasuka, mafuta yanatoka. Mukono wa chini, ambao ulipashwa kuwa karibu sawa na udongo, unainuka upande wa gurudumu, na motokari inaweza kulala mu kona kuliko mbele, hata kama resori imekuwa ngumu. Volani inajivuta yenyewe kwa kila tuta. Na wanaochoma resori kwa moto ili ikae chini, wanaua chuma chenyewe. Siku ingine itavunjika. Hiyo motokari njo inapeleka mama maternite usiku, mu balabala yetu yenye mashimo. Sisi huku, heri tungeinua kuliko kushusha.

Kuna jambo ingine tunalipashwa kusema, sababu liligusa moja ya familia zetu. Resori ya MacPherson imebanwa ndani ya muguu kwa nguvu ya mamia ya kilo, na ekuru moja ya juu njo inaizuia. Mafundi wanaijua, wanaibana kwanza na vyombo vyake, pande mbili, polepole, kisha wanafungua. Mutoto wa mwenzetu mumoja wa karieri alitoa muguu wote chini ya motokari ya baba yake, akaushika katikati ya magoti, akafungua ekuru ile bila kubana kitu. Alikuwa na miaka 19, alitaka motokari ikae chini kabla ya ndoa ya dada yake. Resori iliruka, ikamuvunja taya na meno manne. Baba alikosa zamu sita akikaa naye hospitali. Tulichanga, ndoa ikafanyika, na bibi arusi alienda kanisani mu taksi. Corolla iko bado mu lupango, upande mumoja juu ya matofali, na resori wameiweka mu nyumba, chini ya kitanda.