Mukirane: Mjumbe aliyetoka barazani asirudi

WENGI tunaovuka daraja la Mpondwe kwenda Kasindi tunalijua jina la Rwenzururu. Lakini wachache tunakumbuka kwamba vita vile vilianzia kwenye kikao cha baraza, si msituni.

Isaya Mukirane alikuwa mwalimu wa shule. Katika miaka ya 1950 alianzisha chama cha kuchunguza historia na maisha ya Wakonzo. Baadaye aliingia Rukurato, baraza la ufalme wa Toro mjini Fort Portal, pamoja na Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya.

Dai lao lilikuwa la maneno machache: katiba ya Toro iwatambue Wakonzo na Waamba sawa na Watoro. Wakakataliwa. Machi 1962 walitoka barazani pamoja na wenzao. Wote watatu walikamatwa wakashtakiwa kwa kumtusi Omukama. Mukirane alipopata dhamana hakurudi mahakamani, alipanda mlimani. Juni 30, 1962, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Uganda, Rwenzururu ikatangazwa kujitenga.

Hapo njia ziliachana. Kawamara na Mupalya walishikilia dai la wilaya ndani ya Uganda. Mukirane alitaka nchi, akawa Omusinga, yaani mfalme. Mwaka 1963 serikali ya Obote ilimtuma Mwingereza Tom Stacey, mwandishi aliyetembea naye milimani mwaka 1954, amsihi ashuke. Hakushuka. Alifariki huko huko Septemba 2, 1966.

Mwanawe Charles Wesley Mumbere alirithi kiti akiwa bado mtoto, akateremka na watu wake mwaka 1982. Wilaya ilikuwa imekwisha kupatikana mwaka 1974, enzi za Amin. Ufalme nao ulitambuliwa na serikali mwaka 2009.

Wapo wanaosema Kawamara na Mupalya ndio walioona mbali, kwani wilaya ilipatikana bila kuvunja nchi. Mimi nauliza: bila wale wa mlimani, nani angewasikiliza wale wa bondeni? Hata hivyo siwezi kusahau gharama yake. Waliokimbilia Kongo wakaacha mashamba, kisha wakarudi kuanza upya, wanaijua vizuri kuliko vitabu.

Kuandika majina mawili katika katiba kungegharimu wino tu. Kuyakataa kulileta miaka 20 ya vita.